Sura ya Sita: Wazazi Wanarudi, Watoto Wanahama

"Turudi lini?" Swali hili huulizwa jikoni mjini Minneapolis, kwenye maegesho ya kanisa huko Dallas, baada ya swala ya Ijumaa jijini London, na kila mara bei za tiketi za Desemba zinapoanza kupanda. Majibu yake Wakenya walio ng'ambo wanayajua kwa moyo: kifungua mimba akimaliza shule ya msingi, nyumba ya kule ikiezekwa, mkopo wa gari ukiisha. Kifungua mimba humaliza, nyumba huezekwa, mkopo huisha, na swali hubaki palepale.

Hubaki kwa sababu linaulizwa kama swali la tarehe. Familia hutafuta mwaka unaofaa kabla ya kujua inafanya safari ya aina gani. Tuseme kuna familia ya watu watano huko Minnesota: mama muuguzi, baba dereva wa malori, na watoto wa miaka 15, 11 na 4, wote wamezaliwa hukohuko. Baba alizaliwa Kisii, mama akakulia Nakuru. Hawa wawili wanarudi. Binti wa miaka 15 hana pa kurudi, yeye anahama. Anaacha mji aliozaliwa, lugha anayoiota usiku, timu yake ya mpira wa kikapu na rafiki wa tangu chekechea, aende nchi anayoijua kwa majuma matatu ya Krismasi.

Ndege ni moja, safari ni mbili. Familia nyingi hupanga ile ya wazazi peke yake, kisha hushangaa mwezi wa tatu tangu kufika, binti anapojifungia chumbani. Hoja ya sura hii ni kwamba kurudi kupangwe kwa kipimo cha yule aliye mgeni zaidi katika familia. Mtu akianzia hapo, mpangilio wa shule, mizigo na hata pesa hubadilika.

Nchi iliyoachwa haipo tena

Kabla ya kuwafikia watoto, wazazi wenyewe wakumbuke kwamba nao wamekuwa wageni kiasi. Aliyeondoka Kenya mwaka 2006 aliondoka kabla ya M-Pesa, iliyoanza 2007. Hakuwapo Katiba mpya ilipopitishwa 2010, wala serikali za kaunti 47 zilipoanza kazi 2013. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa 2017, mwaka uleule mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway ilianza kutumika 2022. Anayeshuka uwanja wa ndege na pochi nene ya noti atamkuta mama mboga akimwonyesha namba ya kulipia iliyobandikwa ukutani.

Mambo haya yameshikana, na ndiyo maana humkwaza anayerudi. Bila kitambulisho, kusajili laini ya simu ni tabu. Bila laini hakuna M-Pesa. Bila namba ya mlipakodi, maarufu kama PIN ya KRA, hafungui akaunti ya benki wala haandiki mkataba wa ardhi. Mtu aliyekuwa akimaliza shughuli zake zote kwa dakika chache huko Marekani hujikuta akimwomba mpwa wake wa miaka 20 amlipie umeme.

Hisia inayofuata ina jina: mshtuko wa kurejea. Ni ule ugeni unaompata mtu katika nchi yake mwenyewe baada ya kukaa mbali. Mwaka 1955 mtafiti wa Norway, Sverre Lysgaard, alieleza jinsi wasomi wa nchi yake walivyozoea maisha ya Marekani. Walianza na furaha, wakashuka, kisha wakapanda tena, mfano wa herufi U. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba mteremko huo hurudi mara ya pili mtu anaporejea kwao, na U ikawa W.

Mteremko wa pili ni mkali kwa sababu hakuna aliyeutarajia. Ndugu humwona mtu yuleyule aliyeondoka. Mgeni akikosea salamu husamehewa; mtoto wa nyumbani akikosea huambiwa anajifanya Mzungu. Mama muuguzi aliyezoea miadi ya saa tatu kamili huanza kuonekana mwenye hasira, na yeye huanza kujiona hafai popote. Akijua mapema kwamba hali hiyo ina mwendo wake, hataitafsiri kuwa ushahidi kwamba kurudi kulikuwa kosa.

Kwa watoto ni jambo jingine kabisa. Katika miaka ya 1950, mwanasosholojia wa Marekani Ruth Hill Useem alichunguza familia za Kimarekani zilizoishi India, na kutoka huko likaja jina "watoto wa utamaduni wa tatu". Ni watoto wanaolelewa nje ya utamaduni wa wazazi wao, ambao hujijengea wa kwao kutokana na vipande vya pande zote mbili. Binti wetu wa miaka 15 ni mmoja wao kwa namna yake. Minnesota aliitwa Mwafrika. Nakuru ataitwa Mmarekani. Mshtuko wake si wa kurejea. Ni wa kuhamia ugenini, na juu yake anaambiwa na kila shangazi kwamba sasa yuko nyumbani na anapaswa kufurahi.

Karatasi kabla ya masanduku

Habari njema kwa familia ya Kenya ni Katiba ya 2010. Inasema aliyezaliwa popote duniani ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa iwapo mama au baba yake alikuwa raia siku hiyo. Kanuni hiyo inawafikia hata waliozaliwa kabla ya 2010, wakati mama hakuwa na haki sawa na baba ya kumpa uraia mtoto aliyezaliwa nje. Raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine, na aliyeupoteza chini ya sheria ya zamani ana haki ya kuuomba tena. Sheria ya uraia ya 2011 inamtaka mwenye uraia pacha, yaani uraia wa nchi mbili kwa pamoja, autangaze serikalini ndani ya miezi 3. Mzazi mwenye ndoto ya siasa afahamu pia kwamba kifungu cha 78 cha Katiba kinawazuia maafisa wa ngazi za juu wa serikali kuwa na uraia pacha.

Familia ya Tanzania ina hesabu nyingine. Sheria ya Uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha: anayeapa kuwa raia wa Marekani au Uingereza hukoma kuwa Mtanzania. Na kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya 1999 inamzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, mtu anaweza kurudi Moshi akiwa mgeni kisheria kwenye shamba alilozaliwa. Mwaka 2024 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kuwapa watu wenye asili ya Tanzania hadhi maalumu, lakini hadhi maalumu si uraia. Kabla ya kupakia hata sanduku moja, familia hiyo ijue kila mmoja wao anaingia kwa pasipoti ipi na kibali kipi.

Upande wa pili wa bahari nao una milango inayojifunga. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu wa Marekani, kile watu wanachokiita kadi ya kijani, akikaa nje zaidi ya mwaka bila maandalizi anaweza kuhesabiwa ameuacha ukaazi wake. Kuna kibali cha kurejea kinachoweza kudumu hadi miaka 2, ila ni lazima kiombwe mtu akiwa bado ndani ya Marekani. Uingereza, ruhusa ya kukaa bila kikomo kwa kawaida hufutika baada ya miaka 2 mfululizo nje ya nchi. Uraia hauna saa hiyo, na ndiyo maana familia nyingi husubiri kuapishwa kwanza. Kusubiri huko kuna busara, mradi usiwe kisingizio cha kutoamua.

Kuna jambo moja ambalo wachache hulifikiria. Mtoto wa miaka 11 mwenye uraia wa Marekani akihamia Kenya, akakulia huko na kuoa Mkenya, hataweza moja kwa moja kuwapa watoto wake uraia huo wakizaliwa nje ya Marekani. Katika hali hiyo sheria ya Marekani hudai mzazi awe ameishi nchini humo miaka 5 kwa jumla kabla mtoto hajazaliwa, na miaka 2 kati ya hiyo iwe baada ya yeye kutimiza miaka 14. Familia itunze kumbukumbu za shule, chanjo na makazi za kila mtoto. Siku moja zitahitajika kuthibitisha miaka hiyo.

Kontena: nini kije, nini kiuzwe

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa mkaazi anayerejea nafuu kubwa: vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia huingia bila ushuru, na gari moja pia. Masharti ya Kenya yanajulikana:

- awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na awe ameishi nje kwa angalau miaka 2;
- katika miaka hiyo 2 asiwe amekaa Kenya kwa jumla ya siku 90 au zaidi;
- gari liwe lake na awe amelitumia huko nje kwa angalau miezi 12;
- mizigo ifike ndani ya siku 90 tangu yeye afike, ila muda huo unaweza kuongezwa kwa maombi;
- asiwe amewahi kupewa nafuu hiyo kabla.

Sharti la pili huwanasa wenye subira zaidi, wale wanaokuja mara kwa mara kusimamia ujenzi. Safari tatu za mwezi mmoja mmoja zinatosha kula siku zote 90.

Gari la Minnesota lenyewe haliwezi kuja, kwa sababu usukani wake uko kushoto na Kenya hairuhusu magari hayo kusajiliwa kwa matumizi ya kawaida. Mwenye gari kama hilo akilimiliki kwa mwaka na kuliuza kabla ya kurudi, Mamlaka ya Mapato (KRA) humruhusu kuleta la usukani wa kulia lenye thamani isiyozidi ya lile aliloliuza. Umri nao una mpaka: gari lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Aliye Uingereza ana urahisi, maana usukani tayari uko upande unaofaa.

Umeme huharibu mipango mingi ya kontena. Marekani hutumia volti 120 na mzunguko wa hezi 60. Kenya ni volti 240 na hezi 50. Friji, mashine ya kufulia na mikrowevu za Minnesota zitahitaji transfoma kubwa, na mota nyingine hazitazunguka sawasawa hata zikiipata. Chaja za simu na kompyuta nyingi zinakubali volti zote. Vingine viuzwe huko.

Nafasi inayobaki wapewe watoto. Kontena la futi 20 lina takriban mita za ujazo 33, na wazazi huzijaza makochi ambayo Nairobi inayatengeneza vizuri na kwa bei nafuu, kisha humwambia mtoto achague vitabu vitatu. Ifanywe kinyume. Kila mtoto apewe masanduku yake, ayajaze anavyotaka, na asiulizwe kwa nini. Kitanda cha mtoto wa miaka 4, ambaye hawezi kueleza kilichompata, kina thamani kuliko seti ya sebuleni.

Kazi ya ahadi na pesa ya kweli

Wangari Maathai alikwenda Marekani mwaka 1960, akasoma biolojia Kansas na kupata shahada ya uzamili Pittsburgh. Januari 1966 alirejea Kenya akiwa na barua iliyomwahidi kazi ya utafiti katika chuo kikuu cha Nairobi. Alipofika aliambiwa kazi hiyo imepewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini kwamba jinsia na kabila lake vilichangia. Baadaye alipata nafasi katika idara nyingine ya chuo hichohicho, akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwanzo wa kurudi kwake, hata hivyo, ulikuwa barua isiyoheshimiwa, na yeye alikuwa msichana asiye na mume wala watoto wa kulisha.

Mwenye watoto watatu hawezi kusafiri juu ya ahadi. Kipimo kinachofaa ni akiba ya kuiendesha familia kwa mwaka mzima bila mshahara wowote, ada za shule zikiwa ndani yake. Nyumba iliyojengwa isihesabiwe humo, kwa kuwa haiwezi kukatwa kipande kulipia matibabu. Mama muuguzi aanze mapema mawasiliano na Baraza la Wauguzi la Kenya, maana leseni ya Minnesota haimruhusu kugusa mgonjwa Nakuru.

Mafao ya uzeeni yana kanuni ambazo haraka huzivunja. Marekani, mtu huhitaji pointi 40, takriban miaka 10 ya kazi, ili astahili pensheni ya Social Security, na raia wa Marekani anaweza kulipwa hata akiishi Kenya. Mwenye miaka 9 ya kazi afikirie sana kabla ya kuondoka. Akiba ya mfuko wa 401(k) ikitolewa kabla ya miaka 59 na nusu kwa kawaida hutozwa adhabu ya asilimia 10 juu ya kodi, na wengi huivunja hiyo ili wamalizie nyumba. Bima ya wazee ya Medicare kwa kawaida hailipii matibabu nje ya nchi. Uingereza inadai angalau miaka 10 ya michango ili mtu apate chochote cha pensheni ya serikali, na kwa anayehamia Kenya kiwango hugandishwa, hakiongezwi mwaka hadi mwaka. Raia wa Marekani ataendelea kujaza fomu za kodi huko hata akiishi Kisii.

Nyumbani, bima ya zamani ya NHIF ilipisha bima mpya ya afya ya jamii Oktoba 2024, na mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Familia ijisajili juma la kwanza.

Pesa za kila mwezi zinapokoma

Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, zaidi ya nusu zikitoka Marekani. Ndani ya tarakimu hiyo kuna ada ya mpwa aliye kidato cha tatu, dawa za presha za nyanya, na mchango wa mazishi ya jirani. Familia inaporudi, mkondo huo hukauka, na mara nyingi hukauka bila mtu kuambiwa.

Hapa ndipo ugomvi mwingi wa ndugu huanzia, wala si kwa sababu ndugu ni walafi. Kaka aliyekuwa akipokea dola 200 kila mwezi alipanga maisha yake juu yake. Alipoambiwa "tunakuja nyumbani" alisikia furaha. Hakusikia kwamba mwanawe atakosa ada Mei. Kwa upande wake, baba anayerudi anafikiri kila mtu anaelewa kwamba sasa hana mshahara wa dola. Hakuna anayeelewa, maana amekuja na kontena.

Basi lisemwe, na lisemwe mwaka mmoja kabla. Baba awaketishe ndugu, au awapigie simu wote pamoja, ataje yale atakayoyamaliza na yale atakayoyaacha. Mpwa amalizie kidato cha nne, kwa sababu kumkatiza katikati ni kumvunja mtoto mwingine ili kuwahamisha wa kwako. Dawa za nyanya ziendelee. Michango mingine ipunguzwe hatua kwa hatua, ili mwezi wa kuwasili usiwe mwezi wa kwanza wa ukimya. Mazungumzo haya ni magumu kuliko foleni yoyote ya forodha, na wengi huyakwepa kwa adabu. Adabu hiyo huwagharimu watoto, kwa kuwa watafika katikati ya ndugu waliokasirika na hawatajua kwa nini.

*Kwa ufupi:* vibali viombwe kabla ya kuondoka, siku 90 zilindwe, akiba iwe ya mwaka mzima, na ndugu waambiwe mapema nani ataendelea kusaidiwa.

Shule: moyo wa safari

Wazazi wengi wanaorudi walisoma mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, na bila kujua humtafutia mtoto shule kwa ramani hiyo. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanyika 2023, na KCSE ya mwisho ya mfumo huo, ile ya kumaliza sekondari, ni 2027. Mtaala mpya, uliojulikana kwa muda mrefu kama CBC, una miaka 2 ya chekechea, 6 ya msingi, 3 ya sekondari ya chini na 3 ya sekondari ya juu. Unadai kazi za mikono, miradi, na mzazi anayeshiriki. Kundi la kwanza la gredi ya 10 lilitarajiwa kuanza Januari 2026, likiwa limegawanywa katika michepuo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo.

Kalenda ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Minnesota hufunga mwaka wa masomo Juni. Kenya huanza mwaka Januari. Shule zinazofuata mtaala wa Uingereza kwa kawaida huanza Septemba. Familia inayotua Julai na kumsukuma mtoto katikati ya muhula wa Kenya inamtia darasani mwezi ambao urafiki umeshafungwa na walimu wanakimbizana na mitihani. Miezi ya Julai hadi Desemba inaweza kuwa zawadi: mwalimu wa Kiswahili nyumbani, kuzoea mtaa, kumtembelea nyanya bila haraka, kisha kuanza Januari pamoja na wageni wengine.

Sasa umri. Mtoto wa miaka 4 atalia siku chache langoni, na baada ya miezi atakuwa akizungumza kama watoto wa jirani. Wa miaka 11 anaingia ukingoni mwa sekondari ya chini, bado ana muda wa kujenga upya. Kazi iko kwa binti wa miaka 15. Anaingia wakati mchepuo unachaguliwa, bila alama za tathmini ya gredi ya 9 ambazo wenzake wanazo, na Kiswahili kinamsubiri.

Kiswahili huwashangaza wazazi. Mtoto amekisikia nyumbani miaka yote, anaelewa anapotumwa chumvi, na mama ana hakika hakuna tatizo. Darasani anaulizwa ngeli ya U-I, anaandikishwa insha ya kurasa mbili, anasomeshwa ushairi. Uwanjani hukuta lugha nyingine tena, Sheng, ambayo hakuna mzazi aliyemfundisha. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani huko Marekani anapata alama 20 kwa mara ya kwanza maishani mwake, na wenzake wanacheka matamshi yake. Saa moja ya Kiswahili cha kusoma na kuandika kila siku, kwa mwaka mzima kabla ya kuondoka, ingemwokolea mengi. Kuwasomea hadithi kwa sauti jikoni kunatosha kuanzia.

Ndugu wa Tanzania wana ugumu wao hapa: shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha sekondari hugeukia Kiingereza. Mtoto kutoka Uingereza anaweza kuteseka darasa la nne na kung'aa kidato cha kwanza.

Kwa binti wa miaka 15, shule ya mtaala wa Uingereza au Marekani mara nyingi ndiyo njia ya haki, hata kama ada yake inauma. Ataendeleza alichokianza, na Kiswahili atakipata nje ya mtihani. Mdogo wake anaweza kuingia mtaala wa Kenya bila shida. Hakuna sheria inayosema watoto wote wa nyumba moja wasome shule moja. Shule ya bweni, ambayo baba anaikumbuka kwa mapenzi, iachwe mwaka wa kwanza. Mtoto aliyepoteza kila kitu kingine asipoteze na meza ya jioni ya familia yake.

Jambo moja lisemwe wazi. Mtoto mwenye usonji au ulemavu wa kujifunza, ambaye shule yake ya Marekani inamhudumia bila malipo kwa mujibu wa sheria, hatazikuta huduma hizo kwa urahisi. Zipo, hasa katika miji mikubwa, na nyingi hulipiwa mfukoni. Mzazi wake aende kwanza, aitembelee shule, azungumze na mtaalamu ana kwa ana. Akikuta hakuna, kuahirisha ni uamuzi mzuri, na hapaswi kuona haya mbele ya wanaomwambia amesahau kwao.

Ratiba ya miezi 18

Familia yetu ya mfano ingeweza kujipanga hivi, ikilenga kutua Julai na watoto kuanza Januari:

- *Januari ya mwaka uliotangulia:* watoto wanaambiwa, wote pamoja, na wanaulizwa maoni yao. Kiswahili cha kila siku kinaanza. Baba anawaeleza ndugu.
- *Katikati ya mwaka huo:* maombi ya uraia wa Kenya kwa watoto, usajili wa kitaaluma wa mama, hesabu ya mafao.
- *Desemba:* safari ya kutalii shule na mtaa, si ya harusi na sherehe. Watoto waende sokoni, wapande matatu, waone chumba watakacholala.
- *Januari hadi Mei:* kibali cha kurejea kwa asiye raia, kuuza gari, nakala za rekodi za shule na hospitali.
- *Juni:* kontena linaondoka. Mwaka wa masomo unaisha, na watoto wanaaga marafiki zao kwa karamu ya kweli.

Wengine huona heri mzazi mmoja atangulie. Inafaa kwa mwenye kazi inayoanza tarehe maalumu. Lakini miezi mitatu ya utengano huelekea kuwa kumi, na aliyebaki huko hulea peke yake watoto ambao tayari wanaomboleza. Bora atangulie siku za kutosha kukodi nyumba na kusajili laini, basi.

Baada ya mwaka wa kwanza

Kibali cha kurejea cha miaka 2, kwa aliye nacho, huipa familia nafasi ya kujipima kabla ya mlango kufungwa. Mwezi wa 18 tangu watue, waketi. Watoto waseme kwanza, wazazi wasikilize bila kujitetea. Swali lisiwe kama Kenya ni nzuri; liwe nani ana rafiki, nani analala vizuri, nani hajacheka kwa muda mrefu.

Kwa binti, kikao hicho kitahusu chuo kikuu, maana atakuwa anakaribia miaka 17. Akiwa raia wa Marekani anaweza kuomba msaada wa masomo wa serikali ya huko hata akiishi Nakuru. Tatizo ni ada. Vyuo vya umma vya Marekani huwatoza wakaazi wa jimbo kiasi kidogo kuliko wageni, na familia iliyohama kwa kawaida hupoteza nafuu hiyo. Chuo cha umma cha Minnesota kilichokuwa karibu na nyumba yao kinaweza sasa kumgharimu zaidi kuliko kingewagharimu wasingehama. Wazazi wafanye hesabu hiyo wakiwa bado Minnesota, na tarakimu zake wamwonyeshe binti kabla hajaulizwa kama anakubali kuondoka.